Fundo la Nne

Tabora, 14 Februari 1943

Dada Apolinaria,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimefika shuleni, ingawa kutoka Goweko hadi hapa nilisimama njia nzima, kwa sababu behewa lilijaa magunia ya karanga na wenye magunia walikalia kila mahali palipobaki.

Tafadhali msomee Bibi barua hii polepole, na usiruke mahali.

Bibi, shikamoo. Siku ya mwaka mpya ulisema mbele yetu kwamba tukimaliza kupura uwele utavua shanga zako za safari umvike mjukuu mwenye mafundo mengi kwenye kamba yake. Nimezikumbuka shanga hizo kila siku. Nane, moja kwa kila lugha uliyoombea maji, ulipofuata misafara na marehemu Babu mpaka pwani: Kinyamwezi, Kikimbu, Kigogo, Kisagara, Kizaramo, Kiswahili, Kiarabu, na Kijerumani kilichokuja baadaye. Kamba yangu hapo mlangoni pako ina mafundo matatu: Kinyamwezi, Kiswahili, na Kisukuma cha mama yangu. Ya Dada, binti wa Baba Mkubwa, ina mawili.

Sasa nakujulisha kwamba nimemaliza kitabu cha tatu cha Kiingereza, nami ni wa kwanza darasani. Kilatini pia nakisoma vizuri. Naomba kamba yangu ifungwe mafundo mengine mawili.

Dada, uniandikie alivyojibu, maneno yake hasa.

Wako,
Hilari

*

Goweko, 7 Machi 1943

Mdogo wangu Hilari,

Milele amina. Nimemsomea Bibi yote. Akaniuliza, "Huyo mume wangu, hicho kitabu kilimpa maji?" Nikamwambia hapana, Bibi, kitabu hakina maji. Akasema, "Basi mwambie masharti hayajabadilika. Amwombe mwenye lugha kwa lugha yake, apewe, anywe, ashukuru. Nilikwenda pwani kwa miguu, sikwenda kwa karatasi." Ulitaka maneno yake hasa, ndiyo hayo. Usinikasirikie, mimi ni mwandishi tu.

Hapa kuna habari. Serikali imetuletea mateka wa Kitaliani sita na askari mmoja, wajenge kisima cha mawe hapa kigangoni. Mkubwa wa kazi anaitwa Anton. Ana nywele za mvi upande mmoja tu. Siku ya pili nilipita na mtungi, akaniuliza kitu, nikasimama kama mti. Akajigusa kifua: "Parlo italiano." Akaninyooshea mkono: "Che lingue parli?" Nikaelewa! Alikuwa ananiuliza nasema lugha gani. Hiyo ch husomwa kama k yetu.

Nikamjibu kwa Kiswahili, akanipa maneno yake: "Parlo swahili. Parlo nyamwezi." Anapofundisha hukushika kidole kimoja kimoja, kila kidole lugha moja, kama watoto wanaohesabu. Niliporudi kesho yake nilikuwa nimefanya mazoezi usiku kucha. Nikasema, "Mi dai dell'acqua, per favore?" Akacheka mpaka askari akageuka. Akanichotea kwa kikombe chake cha bati, nikanywa, nikasema, "Grazie."

Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu na fimbo yake. Tulipofika nyumbani akakamata kamba yangu akafunga fundo la tatu.

Dada yako,
Apolinaria

*

Tabora, 20 Machi 1943

Dada Apolinaria,

Nimepata barua yako. Hongera.

Ila ni haki nikueleze kwamba Kitaliani si lugha ngeni sana. Ni Kilatini kilichochakaa. Acqua unayoiona mpya imo katika misa kila Jumapili, aqua, hata wewe umeisikia tangu utotoni. Sidhani kama Bibi angefunga fundo upesi vile angelijua hilo. Umwambie, lakini kwa upole.

Nami nimejaribu huku. Jumatatu nilikwenda hadi barazani kwa Bwana Mkubwa wa shule, nimeipanga sentensi yangu ya Kiingereza ya kuomba maji, haina kosa hata moja. Akatoka. Akaniuliza nataka nini. Nikasema nimeleta madaftari. Sikuwa na madaftari, Dada. Nilikuwa nimeshika mikono yangu mwenyewe. Raymundi wa darasa langu aliona yote, na sasa kila nikipita bwenini huita, "Madaftari! Madaftari yamefika!"

Jumamosi nikaenda dukani kwa Bwana Kurban, nikakumbuka kwamba Wahindi huita maji pani. Binti yake Kherunisa alikuwa kwenye mizani. Nikasema, "Pani." Akanitazama juu mpaka chini, akajibu kwa Kiswahili safi kuliko changu, "Maji yapo mtungini pale, kaka, chota mwenyewe." Nilichota, nikanywa. Najua fundo halipo hapo, huna haja ya kumwuliza Bibi.

Sasa tuko sawa, matatu kwa matatu. Bibi amesema nini kuhusu watu wanaolingana?

Hilari

*

Goweko, 11 Aprili 1943

Mdogo wangu,

Nimecheka madaftari mpaka Bibi akaninyang'anya barua, kana kwamba angeweza kuisoma. Nilipomweleza, akasema, "Huyo mume wangu ana ulimi mrefu na miguu mifupi." Usinune. Anakupenda.

Kuhusu kulingana: amesema mkilingana, shanga ni za mkubwa. Ndiyo sheria ya nyumba yoyote, na mimi nilikutangulia kuzaliwa miezi saba.

Kisima kimefika kina cha watu wawili. Bibi sasa hushinda huko. Alimsemesha Anton kwa Kijerumani chake cha zamani, Anton akajua maneno machache, wakaelewana kuhusu mawe na bei ya chumvi, sijui vipi. Amembatiza jina "mume mdogo", na wale Wataliani wengine wanaliita hivyo hivyo bila kujua maana. Siku moja alimwuliza Anton yeye anasema lugha ngapi. Anton akasema nyumbani kwao, milimani, hawasemi Kitaliani kabisa, wana lugha yao, na Kitaliani alikipata shuleni kwa viboko. Bibi akanigeukia: "Unaona? Na yeye Mnyamwezi."

Nimejifunza nyingine. "Parlo un po' d'italiano," yaani nasema Kitaliani kidogo. "Capisco, ma non parlo bene," naelewa, lakini sisemi vizuri. Hiyo ndiyo ninayoitumia zaidi. Ziandike mahali, Hilari, uzirudie kwa sauti. Usizisome kwa macho tu kama kawaida yako.

Mwalimu Bernardo, katekista, amenipa darasa la watoto wadogo niwafundishe kusoma, kila asubuhi. Ni kumi na mmoja. Mmoja anakula chaki.

Nina kitu nakuwekea, utakiona ukija mavunoni. Sikuambii.

Dada yako,
Apolinaria

*

Tabora, 18 Aprili 1943

Kwa Mwalimu Bernardo, Katekista, Goweko.

Mwalimu mheshimiwa,

Shikamoo. Naandika kama kijana wa kigango chako uliyemfundisha sala. Sipendi kusema mabaya ya mtu, na wa nyumba yangu zaidi, lakini dhamiri yangu imenisukuma.

Nimepata habari kwamba dada yangu Apolinaria husimama kisimani na mateka mmoja wa Kitaliani, jina lake Anton, kila siku, na kwamba huyo mateka humshika vidole. Hupokea kwake maji ya kunywa katika kikombe kimoja. Mimi sisemi kwamba kuna dhambi. Nasema tu kwamba huyo mtu ni adui wa Serikali, na dada yangu ni msichana, na watu wana midomo. Tena sasa anafundisha watoto, nao wanamtazama yeye.

Labda ingefaa asiende tena kisimani mpaka mavuno yapite.

Naomba jina langu lisitajwe.

Mwanafunzi wako mtiifu,
Hilari

*

Goweko, 2 Mei 1943

Kijana Hilari,

Barua yako nimeisoma mara mbili peke yangu, na mara ya tatu mbele ya baba yake Apolinaria. Jina lako nililikunja ndani, hakuliona. Umefanya vema. Vijana wengi wa siku hizi wangenyamaza.

Mambo yamechukuliwa hatua. Nilimwarifu Bwana msimamizi wa mateka, naye alimwondoa huyo Anton Alhamisi kwa treni ya asubuhi. Darasa la watoto nimelirudisha mikononi mwangu. Dada yako analia, lakini machozi ya msichana hukauka.

Endelea na masomo. Nimewaambia wazee kwamba kigango chetu kitapata siku moja padri kutoka shule yenu.

Bernardo, Katekista

*

Goweko, 9 Mei 1943

Hilari,

Tumsifu Yesu Kristo.

Anton ameondolewa. Alikuwa ndani ya kisima, akaitwa juu, akapanda ngazi na nyundo mkononi, askari mgeni akaichukua ile nyundo. Hakuruhusiwa kuosha mikono. Wataliani watano waliobaki hawajui kupanga mawe ya duara kama yeye. Upande mmoja umeinama, na tunaendelea kwenda mtoni.

Baba alinikalisha mbele ya Mwalimu Bernardo na wazee wawili. Waliniuliza mambo ambayo siwezi kuyaandika. Nikawaambia alinifundisha kusema ninajua lugha gani, basi. Mzee mmoja akasema, "Na lugha ndiyo inayoshikwa kwa vidole?" Wakacheka. Baba hakucheka. Tangu siku hiyo hanisemeshi, na darasa nimenyang'anywa. Yule mtoto anayekula chaki alinifuata mpaka nyumbani akiuliza kwa nini.

Kuna jambo silielewi. Walisema barua iliandikwa na mtu aliyeniona. Walijua habari ya vidole. Hilo sikumwambia mtu yeyote hapa Goweko, hata Bibi. Labda mtu alipita tusimwone. Bibi ameniuliza ni nani ninayemdhania, nikasema sijui. Akaenda mlangoni akazitazama kamba zetu zote mbili.

Kile nilichokuwa nakuwekea, nakitia humu, kwa sababu hakina kazi tena. Ni karatasi ya mfuko wa saruji. Nilimwomba Anton aandike sentensi zote kwa mkono wake, kwa ajili yako, kwa kuwa najua wewe huamini kilichoandikwa. Ona juu kabisa: per Hilari. Tulikuwa tumekubaliana naye kwamba ukija mavunoni nitakupeleka kisimani, yeye atakuwa amekaa na kikombe kimejaa, na atakuuliza lile swali polepole, bila watu karibu, kwa sababu nilimweleza una haya. Ungekuwa na manne, mimi matatu. Shanga ningekuachia. Mimi nilitaka Kitaliani tu.

Apolinaria

*

Tabora, 13 Juni 1943

Dada Apolinaria,

Hii ni barua ya sita. Tano za kwanza nimezichana.

Ni mimi niliyeandika kwa Mwalimu Bernardo. Habari ya vidole ulinipa wewe, Machi 7, nami niliitoa katika barua yako nikaipindua. Wewe uliandika alikuwa anahesabu lugha. Mimi sikuandika hivyo.

Niliandika dhamiri imenisukuma. Haikuwa dhamiri. Nilikuona akilini umesimama pale na kikombe, na Bibi nyuma yako, na fundo linafungwa, nami niko bwenini naitwa Madaftari. Kila sentensi uliyoniletea niliisoma kama mtu anayenionyesha chakula chake. Uliposema "nina kitu nakuwekea", nilidhani ni maneno ya kunicheka nikija. Nililala na wivu huo, nikaamka nao, nikala nao. Niliomba usiende kisimani mpaka mavuno yapite. Nilihesabu siku, Dada. Nilitaka tu fundo la nne, la ile lugha yake ya milimani, lisiwe lako. Darasa sikulifikiri, wala Baba Mkubwa, wala yeye Anton, ambaye kwangu alikuwa jina katika barua.

Sasa nikuambie la pili. Nimemwona.

Mateka wa hapa mjini wanatengeneza mfereji wa mawe upande wa Chemchem. Jumamosi nilipita nikaona mtu ana mvi upande mmoja tu. Nikapita tena. Nikapita mara ya tatu. Karatasi yako ilikuwa mfukoni, lakini sikuhitaji kuitoa, maana nilikuwa nimeijua yote kwa moyo tangu siku ilipofika, na sijui kwa nini nilijifunza, wakati hakukuwa tena na wa kumwambia. Askari alikuwa anakula muhogo kivulini. Nikaenda.

Nikasema, "Mi dai dell'acqua, per favore?" Akainua kichwa. Hakucheka kama alivyokucheka wewe. Akachota kwenye ndoo, kikombe ni kilekile cha bati, akanipa. Nikanywa. Nikasema, "Grazie." Ndipo akaniuliza, polepole, kama alivyokuahidi, "Che lingue parli?"

Nikamwambia. Parlo swahili. Parlo nyamwezi. Parlo un po' d'italiano. Kila lugha niliyoitaja alikunja kidole chake mwenyewe. Hakunigusa mkono, Dada. Alikuwa ameuficha wa kwake karibu na kifua, akihesabu.

Kisha akasema, "Hilari?"

Nikaitika kwa kichwa. Akasema maneno mengi kwa haraka, nikashika moja tu, jina lako. Alikuwa anauliza habari zako, uso wake ulikuwa wa mtu anayeuliza. Nami nilikuwa na nini cha kumjibu? Karatasi ile inafundisha kusema mtu anajua lugha gani. Haina sentensi ya kumwambia mtu kwamba ni mimi. Nikasema, "Capisco, ma non parlo bene." Akanipigapiga begani, akafikiri naona haya.

Nimemwandikia Mwalimu Bernardo kwamba barua yangu ilikuwa ya wivu na kwamba sikuona kitu kwa macho yangu. Nimemwandikia Baba Mkubwa pia, na jina langu sikulikunja. Sijui kama yatasaidia.

Msomee Bibi. Mwambie asifunge fundo. Nilikunywa maji yale lakini hayakuwa yangu.

Hilari

*

Goweko, 4 Julai 1943

Hilari,

Nimemsomea Bibi barua yako yote polepole, bila kuruka mahali, kama ulivyoniomba Februari.

Alikuwa anapepeta. Aliweka ungo chini, akasikiliza hadi mwisho, akaniambia nirudie pale ulipokunywa. Nikarudia. Akauliza, "Aliomba kwa lugha ya mwenyewe?" Nikasema ndiyo. "Akapewa? Akanywa? Akashukuru?" Nikasema ndiyo, Bibi, lakini yeye mwenyewe anasema usifunge. Akasema, "Nani amempa yeye kubadili masharti? Njiani kulikuwa na wezi walioomba maji vizuri kuliko mimi, nao walipewa." Akaenda mlangoni akafunga fundo la nne kwenye kamba yako. Alilikaza kwa meno.

Uwele tulimaliza kupura jana. Yako manne, yangu matatu. Leo asubuhi alivua shanga. Sijawahi kuiona shingo yake tupu, ina mstari mweupe kuizunguka. Akazifunga katika kitambaa, akanipa mimi nizipeleke stesheni, akasema, "Mpelekee Hilari."

Nilisubiri aseme mume wangu. Hakusema.

Baba ameisoma barua yako. Jana alinisalimu. Mwalimu Bernardo anasema hakupokea kitu, na darasa halijarudi. Yule mtoto huja jioni na wenzake watatu, tunaandika mchangani nyuma ya ghala, ambako hakuna chaki ya kula. Kisima kimebomoka upande ulioinama.

Shanga zimo humu. Zihesabu, ni nane. Umezipata kwa haki, na Bibi amesema uzivae, usizifiche sandukuni.

Sasa unasema lugha nne. Usiniandikie kwa hata moja mpaka nitakapokuandikia mimi.

Apolinaria